Ijumaa Tuliyopandisha Waya Mara Mbili

Kila mwaka mwishoni mwa Oktoba, kabla mvua hazijaanza Kigoma, jirani yangu Mzee Mwinshehe alishusha waya wake wa redio, na mimi ndiye niliyeshika kamba.

Tuliishi ua mmoja pale Mwanga, nyuma ya soko. Yeye na mkewe Hidaya, ambao mwanao Sefu alishahamia kwake, walikaa upande wa barabarani, mimi upande wa ndani, karibu na mchikichi. Mwinshehe alikuwa mtu wa redio kwenye meli ya ziwani mpaka alipostaafu. Baada ya hapo alishindwa kukaa kimya. Akaomba leseni serikalini, akaitia kwenye fremu ukutani, akanunua redio ya mitumba ya kuzungumza na watu wa mbali. Walikuwepo mtu wa Zambia, mtu wa Finland, na Mjapani mmoja aliyemtumia kadi zenye picha za milima. Hakuna aliyemlipa. Alipenda tu. Hidaya aliiita redio ile mke mwenzake.

"Mke mwenzangu ameamka na mafua leo," alikuwa akisema ikianza kukoroma. "Baba, mpelekee uji."

"Mke mwenzako hanidai kanga," Mwinshehe alimjibu.

Antena yenyewe ilikuwa waya wa shaba, mrefu kuliko nyumba zetu mbili zikiunganishwa. Ncha moja ilifungwa kwenye bomba refu la chuma kando ya jiko la Hidaya, nyingine kwenye mchikichi wangu. Katikati kulikuwa na kikombe cha kaure kisichopitisha umeme, kama vile vya kwenye ncha, na hapo ndipo waya mwingine uliposhuka mpaka dirishani kwa Mwinshehe. Kiangazi chote waya ule ulikula vumbi, moshi wa jikoni na kinyesi cha ndege. Kwa hiyo mara moja kwa mwaka ulishushwa. Tuliosha vikombe kwa sabuni. Tulitupa kamba za zamani, kwa sababu jua linazila ndani kabla hujaona nje. Maungio ya shaba yalisuguliwa kwa msasa na kulehemiwa upya, kisha yakafungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli maji yasiingie. Kamba mpya, za nyavu kutoka ufukwe wa wavuvi wa Kibirizi, zilining'inizwa na mawe siku tatu ili zinyooke kwanza. Mwinshehe hakuruka hatua hata moja.

Marehemu mume wangu Elikana ndiye aliyemshikia kamba miaka kumi na mmoja. Mwaka aliofariki, Mwinshehe alikuja akasimama mlangoni kwangu na kamba imekunjwa begani.

"Mama Eufrasia," alisema, "nafasi ya Elikana iko wazi. Sitaki kumpa mtu mwingine."

Nilikuwa sijatoka nje kwa wiki mbili. Nilitoka.

Sasa nafika kwenye mwaka wa tisini na sita, vita ilipowaka ng'ambo ya ziwa. Maboti yalishusha watu Kibirizi na bandarini usiku na mchana. Binti yangu Eufrasia alikuwa Uvira. Aliolewa huko, akafiwa na mume huko, akabaki na watoto wake watatu na meza ya vitenge sokoni. Wiki tatu sikupata habari yake. Kila asubuhi nilikwenda Kibirizi kutazama nyuso za wanaoshuka, na Hidaya alinifuata na chupa ya chai. Hakuwa na ndugu hata mmoja ng'ambo. Aliwamiminia chai watu asiowajua, akawauliza kwa ajili yangu: "Hamkumwona mwanamke mrefu, ana mwanya, anaitwa Eufrasia?"

Mwaka ule mvua zilichelewa, na waya nao ulichelewa. Tuliushusha Jumatano moja ya Novemba. Mwinshehe akaunyoosha juu ya vigingi uani, akasugua ncha za maungio zikawa nyekundu kama mpya, akaning'iniza kamba na mawe yake.

"Jumamosi tunalehemu, tunapandisha," akasema. "Mpaka hapo asiguse mtu."

Nami nikagusa.

Haikuwa ubishi. Alhamisi nilibaki uani peke yangu, mikono haina kazi na moyo uko ziwani. Nikauona waya ule uko uchi chini ya mawingu. Kwetu kitu cha chuma hakilali bila mawese. Panga, jembe, bawaba za mlango, cherehani, vyote tunavipaka mawese mvua zikikaribia, na havili kutu. Nikasema moyoni, Mzee huyu amenitoa ndani siku ile, nami nimfanyie jambo. Nikachukua kitambaa na mawese kidogo, nikaupaka waya mzima, polepole, toka ncha hadi ncha. Zile sehemu alizosugua nikazipaka mara mbili. Kisha nikafuta mpaka ukabaki kung'aa tu. Niliona nimefanya kazi nzuri sana. Nilitaka auone Jumamosi aseme, nani huyu?

Ijumaa saa moja asubuhi, mpagazi mmoja wa Kibirizi, jina lake Marselino, Muha mwenye mabega kama mlango, aliingia uani anakimbia.

"Mwakeye!" akatuamkia kwa Kiha. "Mama Merina ni nani hapa?"

"Merina ni mimi."

"Nina karatasi yako. Imekuja na boti toka Kalemie. Nahodha amesema nikichelewa atanitupa majini."

Nikampa Mwinshehe anisomee. Iliandikwa hivi: "Mama Merina wa Mwanga, nyuma ya soko. Mimi ni Pastory, fundi redio wa misheni hapa Kalemie. Binti yako Eufrasia yuko hapa na watoto, ni wazima. Jumamosi alfajiri kuna boti la kuja Kigoma lakini anakataa kupanda. Anasema mpaka azungumze na mama yake kwanza. Asipopanda atafuata kundi linalokwenda bara, mbali na ziwa, na huko sijui nani atampata tena. Ijumaa saa nne asubuhi, kwa saa za Kigoma, nitamwita Mzee Mwinshehe hewani, tunafahamiana. Nusu saa tu. Kisha tunafungasha redio, misheni inahama."

Hidaya alipiga kigelegele, soko zima likasikia. Mimi nilikaa chini kwenye vumbi, nikacheka na kulia. Mzima! Watoto wazima!

"Ijumaa ni leo," Mwinshehe akasema.

Sote tukageuka. Tukatazama waya uliolala kwenye vigingi.

"Sasa mnatazama nini?" Hidaya akauliza. "Utapanda wenyewe?"

Sijapata kuona wazee wakikimbia vile. Mwinshehe alikwenda kuwasha mkaa wa kupashia chuma cha kulehemu moto. Hidaya alifungua mawe kwenye kamba. Marselino hakuombwa, alivua shati tu akauliza, "Ninabeba nini?" Alikuwa ameacha mizigo ya watu Kibirizi, na mzigo ndio chakula chake, lakini hakuutaja hata mara moja.

Mwinshehe alilehemu akiwa amechuchumaa, miwani iko mfukoni, jasho linamtiririka. Nilimsikia akinong'ona, "Risasi ya kulehemia inajikunja leo. Mbona inajikunja? Mkaa huu una unyevu." Nami nilisimama pale na kamba mkononi, sikuelewa anachosema. Niliwaza juu ya mwanangu tu. Akafunga vipande vya tyubu juu ya maungio, akasema haya, twende.

Marselino alipanda mchikichi kama ngazi ya nyumba yake, akapitisha kamba. Tukavuta. Waya ukapanda, ukanyooka juu ya ua, mzuri kweli. Ilikuwa saa nne kasoro robo.

Tukajazana chumbani. Mwinshehe akachomeka, akawasha, akazungusha kitufe chake kidogo kidogo kama mtu anayefungua chupa ya dawa. Redio ikakoroma. Kila upepo wa ziwani ulipopiga, ikakatika kabisa, kisha ikarudi.

"Homa kali leo," Hidaya akasema, lakini hakucheka.

Saa nne kamili ilikuja sauti ya mwanamume, nyembamba, kama inatoka ndani ya mtungi: "…Mwinshehe… Kalemie… unanipata…"

"Nakupata, Pastory! Nakupata!" Mwinshehe akajibu. "Wewe unanipata? Ova." Ova ndilo neno lao la kumpa mwenzako zamu ya kusema.

Mkoromo. Kisha: "…sikusikii… kama upo… nasubiri… nusu…" Ikakatika.

Mwinshehe aliweka maiki mezani taratibu. "Kuna ungio limeachia," alisema. "Upepo ukivuta, linafunguka. Sisikiki."

Hapo Marselino akaita kutoka nje: "Mzee! Waya wako una wageni!"

Tukatoka. Mstari wa sisimizi ulipanda mchikichi, ukafuata kamba, ukaingia kwenye waya, ukaenda hivyo hivyo mpaka kwenye kikombe cha katikati. Walikwenda kwa furaha, kama watu wanaokwenda harusini.

"Sisimizi wanatafuta nini kwenye shaba?" Mwinshehe akauliza. Akaufungua waya ulioingilia dirishani, akapitisha vidole. Akavitazama. Vilikuwa vya rangi ya machungwa. Akavinusa.

"Mawese," akasema.

Nilitaka ardhi inimeze. Binti yangu alikuwa ng'ambo, ameketi mbele ya redio akisikiliza mkoromo, na mkoromo ule niliutengeneza mimi kwa kitambaa changu.

"Ni mimi, Baba Sefu," nilisema. "Nilipaka jana. Nilitaka usile kutu. Nilipaka na zile ncha ulizosugua. Mara mbili."

Hidaya alishika kichwa. Marselino akatazama juu. Mwinshehe akafuta vidole kwenye suruali, akasema maneno ambayo sitayasahau:

"Mimi nimelehemu shaba yenye mafuta bila kuvaa miwani, nikaulaumu mkaa. Kwa hiyo tumekosea wawili. Risasi haishiki kwenye mafuta, Mama Eufrasia, inakaa juu tu kama chapati. Haya, tushushe. Tuna dakika ishirini na tano."

Akatoa miwani mfukoni, akaivaa.

Waya ukashuka mbio kuliko ulivyopanda. Mwinshehe akakata vile vipande vya tyubu kwa kisu, na risasi ikabanduka mikononi mwake kama gamba la samaki. Akatafuta msasa, msasa ukawa umejaa mafuta, hausugui.

"Msasa mwingine uko wapi?" nikamwuliza.

"Hakuna mwingine."

"Toka hapo," Hidaya akamwambia. "Wewe fundi, kapashe chuma chako moto. Mafuta ni kazi yetu."

Akaenda jikoni akarudi na majivu, malimao mawili na sabuni ya mche. Tukakaa chini sisi wawili, miguu tumenyoosha, waya mapajani, tukasugua kama tunavyosugua sufuria za harusi. Majivu kwanza, yanywe mafuta. Sabuni. Maji. Limao. Majivu tena. Sisimizi walituuma kwenye mapaja na hatukuwa na nafasi ya kuwapiga.

"Merina, shoga yangu," Hidaya alisema huku akisugua, "mwakani ukitaka kumfurahisha mume wangu, mpikie samaki wa migebuka."

"Mwakani sigusi kitu chochote cha shaba."

"Hata sufuria zako?"

Nilicheka. Alikuwa ananifanya nicheke makusudi, nisitazame saa. Niliujua ujanja wake, nikamshukuru kimyakimya.

"Kavu?" Mwinshehe akauliza.

"Kavu."

Safari hii alipogusisha chuma, risasi haikujikunja. Ilitambaa, ikaingia kwenye nyuzi za shaba kama maji kwenye mchanga. Akapuliza, akavuta kwa mikono miwili kwa nguvu zake zote. Ungio halikutikisika. Akafanya la pili. Akafunga tyubu. Marselino alikuwa juu ya mchikichi tayari, amejifunga kamba kiunoni, anahesabu dakika kwa sauti kama mtangazaji wa mpira: "Bado saba! Mzee bado saba! Bado sita!"

"Nyamaza, unanichanganya!"

"Bado sita, Mzee!"

Tukavuta. Mikono yangu ilikuwa na majivu na limao kwenye mikwaruzo, ikiwaka moto, nami nikavuta kama nimeshika boti lenyewe.

Chumbani, Mwinshehe alipowasha, mkoromo ule haukuwepo. Kulikuwa na mlio mwembamba, safi, wa hewa tupu. Halafu, wazi kabisa, kama mtu yuko chumba cha pili:

"Mwinshehe, Mwinshehe, hapa Kalemie, mara ya mwisho nakuita. Ova."

"Kalemie! Usifunge! Nakupata vizuri sana! Ova!"

"Alhamdulillahi," Pastory akasema, naye kwa jina lake ni Mkristo, na Hidaya akanipiga begani. "Mama yupo? Ova."

Mwinshehe akanipa maiki, akanionyesha kitufe cha kubana. Nikabana.

"Eufrasia! Mwanangu! Ni mimi mama yako, nipo, nyumba ipo, sikwenda popote. Umekula? Watoto wamekula? Uko na viatu? Nilikwenda Kibirizi kila siku, muulize Mama Sefu, kila siku! Panda boti, mwanangu. Usiende bara. Mbona hunijibu? Eufrasia! Nijibu!"

Nikasikia kidole gumba changu kinainuliwa taratibu. Mwinshehe alikuwa akikitoa juu ya kitufe, kwa upole, kama mtu anayemtoa mtoto usingizini.

"Ukibana, unasema wewe," alisema. "Ukiachia, anasema yeye."

Na chumba kikajaa sauti ya mwanangu.

"…Mama, ni wewe kweli. Hakuna mwingine anayeuliza viatu." Alikuwa analia na kucheka. "Tumekula, Mama. Sikiliza, nina jambo. Watoto ni wanne."

 Pastory akamnong'oneza kitu. "Ova," Eufrasia akaongeza.

Nikabana. "Wanne? Ninaowajua ni watatu. Ova."

"Wa nne si wangu. Nilimkuta njiani baada ya mji wa Baraka, ameketi kando ya sufuria, hakuna mtu karibu. Hasemi. Jina lake hatulijui. Ameshika kitenge changu tangu siku hiyo, hata usiku hakiachii. Hapa wananiambia kwamba Kigoma wanaandika watoto wako tu, wengine wanatengwa, wanapelekwa kwingine. Nikija akatolewa mkononi mwangu, Mama, sitaweza. Ndiyo maana nilitaka kwenda bara nao wote. Na kwako ni chumba kimoja. Nilitaka unijibu wewe, si mtu mwingine. Ova."

Nilikuwa nimedhani anaogopa ziwa, au anaogopa bunduki. Kumbe alikuwa anaomba nafasi ya mtoto mmoja.

Sikutazama mtu. Nilibana.

"Njoo naye. Kesho nitasimama Kibirizi mimi mwenyewe, mbele kabisa, na yeyote atakayeuliza nitamwambia huyu ni mjukuu wangu, na sitakuwa nimedanganya. Usiku atashika kitenge chako, au changu. Chumba kimoja kinatosha."

"Na kwangu kuna kitanda!" Hidaya akapiga kelele juu ya bega langu. "Eufrasia! Kitanda cha Sefu kipo kitupu!"

"Mmoja mmoja," Mwinshehe akasema. "Hewa ni moja."

"Na mimi nitabeba mizigo!" Marselino alipaza sauti kutoka dirishani. Alikuwa bado na kamba kiunoni.

Nikaachia kitufe. Nilikumbuka mwenyewe safari hii.

"Nimewasikia wote," Eufrasia akasema. Akavuta pumzi, nasi tukaisikia hiyo pumzi, kutoka ng'ambo ya ziwa. "Tutapanda, Mama. Kesho alfajiri. Na watoto wote wanne. Ova."

Pastory alirudi hewani, akamshukuru Mwinshehe, akasema betri inakwisha na lori limefika kuchukua vyombo. Mwinshehe akamtakia safari njema, akamwambia popote atakapoisimamisha redio yake, atasikilizwa kila siku saa nne. Akaweka maiki chini. Tulitazamana, nywele zetu zina majivu.

Hidaya alikuwa ameshaingia chumba cha nyuma. Tulimsikia akivuta sanduku la nguo za wajukuu zake sakafuni, akitupa hiki, akitupa kile. Ghafla akaacha kutupa. Akatokeza kichwa mlangoni, mkono mmoja una kaptula, mwingine una gauni.

"Huyo wa nne," aliuliza, "ni wa kike au wa kiume?"

Mimi sikujua. Mwinshehe hakujua. Marselino dirishani akainua mabega.

Mwinshehe akairukia maiki kama kijana. "Pastory! Pastory, usifunge! Kuna swali hapa, la haraka sana! Ova!"

Tukangoja. Mlio mwembamba wa hewa. Nikadhani ameshafunga.

"Mzee," sauti ikaja, inacheka, na nyuma yake watu wanaburuta masanduku. "Nilikuwa na waya mkononi, nachomoa. Uliza."

Hidaya akauliza mwenyewe, kwa sauti ya kusikika Kalemie bila redio.

"Wa kike," Pastory akajibu. "Miaka mitano, au sita. Amevaa shati la mtu mzima."

Hidaya akaitupa kaptula, akaliinua gauni kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama urefu wake.